Mama Naye Ana Noeli

Noeli huwarudisha watoto wetu nyumbani. Wanashuka kwenye mabasi Biharamulo na Ngara wakitoka Mwanza na Dar es Salaam. Wanafunzi wa bweni nao wamefunga shule. Nyumba inajaa, nasi tunamshukuru Mungu.

Lakini tuchungulie jikoni. Desemba ni mwezi wa mvua, kuni zimelowa, na mama ameinama akipuliza moto. Ndizi hazijamenywa, maharage hayajaiva, nyama ya mbuzi inamsubiri. Kengele ya Misa inalia; wengine wanavaa nguo mpya, yeye anabaki. Chakula kikiiva, wageni wanakula sebuleni, naye anakula mwisho, kilichobaki. Je, kwake Mwokozi hakuzaliwa?

Tumezoea kusema jikoni ni kwa wanawake. Injili inatuonyesha mengine. Katika Yohane sura ya 21, Bwana Mfufuka yuko kando ya ziwa na moto wa makaa, amewaandalia wanafunzi wake samaki na mkate, kisha anawaita wale. Kama Bwana alipika, baba atapungukiwa nini akimenya ndizi?

Siku hizi za Noeli Kanisa huadhimisha pia Familia Takatifu. Tuiadhimishe kwa matendo. Vijana mliorudi, pasueni kuni na kuteka maji tangu mkesha. Akina baba, shikeni zamu ya jiko ili mama apate Misa. Na mezani, mtu asianze kula kabla mama hajaketi.