Buibui Hana Mkojo

Mtoto ameamka na mchirizi mwekundu shingoni, pembeni umeanza kutoa malengelenge, na kabla mama hajamaliza kumvua shati jirani amekwisha kutoa hukumu: "Ni buibui ilimukojolea usiku." Utaisikia Katoyi, utaisikia Ndosho, na Himbi utaisikia pia, kwa watu wenye diploma ukutani, ila wao huisema kwa Kifaransa. Hakuna anayeuliza huyo buibui alionekana na nani. Hakuna anayeuliza alishukaje hadi kitandani, akachagua shingo, akajisaidia kwa mstari ulionyooka, akarudi zake. Inatosha kwamba kwenye kona ya mbao kuna utando. Na nyumba gani ya mbao hapa Goma haina utando?

Nasema wazi: huo mkojo haupo. Sisemi kwamba ni nadra, wala kwamba huwadhuru watoto wenye ngozi laini tu. Haupo. Buibui ni mnyama mbahili wa maji. Uchafu wa mwili wake huutoa ukiwa mzito na mweupe, na sehemu kubwa yake ni kitu kiitwacho guanini, ambacho hakichomi ngozi. Ndiyo yale madoa meupe unayoyaona ukutani chini ya utando. Watoto wetu huyagusa kila siku wakicheza, na hakuna aliyetoka lengelenge.

Najua jibu linalokuja: "Lakini mimi mwenyewe niliamka hivyo." Sawa. Lengelenge ni la kweli, ila aliyesingiziwa siye. Mwenye kosa mara nyingi ni mbawakawa mwembamba asiyefika sentimita moja na nusu, mwenye mapande mekundu na meusi yanayopokezana, ambaye ukimtazama haraka utadhani ni siafu. Wataalamu humwita Paederus. Wakenya wamempa jina la mji wao mkuu, heshima ambayo sidhani kama Nairobi iliiomba. Hang'ati wala hachomi. Ubaya wake umo katika majimaji ya mwili wake, sumu iitwayo pederini, ambayo hata haitengenezi yeye bali bakteria wanaoishi ndani yake. Mvua zikishika huzaana, na usiku hufuata taa. Hutua shingoni pa mtoto, mtoto humponda kwa kiganja na kujisugua, usingizi ukaendelea. Hapo hapo hakuna maumivu. Ngozi hukaa nusu siku, siku nzima, wakati mwingine siku mbili, ndipo inapowaka. Kwa hiyo hakuna anayemkumbuka mdudu. Na alama huwa mchirizi kwa sababu ni njia iliyopitwa na kiganja. Akipondwa kwenye mkunjo wa kiwiko, kidonda cha upande mmoja huzaa pacha wake upande wa pili, pale ngozi zinapokutana.

Wala si siri ya jana. Daktari Mbelgiji Jérôme Rodhain, aliyefanya kazi Kongo, aliandika mwaka 1915 pamoja na mwenzake Houssiau kuhusu malengelenge ya msimu yanayoletwa na mbawakawa. Zaidi ya miaka mia imepita, tumepata uhuru, tumebadili jina la nchi mara kadhaa, na buibui bado anatumikia kifungo cha mwenzake.

Dawa ya mbawakawa huyo ni rahisi mpaka watu hawaiamini: maji mengi na sabuni, mapema iwezekanavyo, na shuka ya usiku ule ifuliwe. Ukimwona juu ya ngozi ya mtoto, mpulize, usimponde. Ndani ya wiki moja au mbili ngozi hupona, ikiacha baka jeusi litakalofifia polepole. Sumu ikiingia jichoni, hapo ni hospitali.

Kuhusu kung'atwa kwenyewe, kumbukumbu za buibui ni safi kuliko wengi wanavyodhani. Aina za buibui zilizokwisha kuorodheshwa duniani zimepita 50,000, na zenye sumu ya kumtaabisha binadamu ni chache sana. Huko Kansas, Marekani, familia moja ilikaa katika nyumba ambamo kwa miezi sita walikamatwa buibui 2,055 wa aina ya Loxosceles, ile inayoogopwa kwa kuozesha nyama. Hakuna mtu hata mmoja aliyeumwa. Huko Australia, Isbister na Gray walifuatilia watu 750 waliong'atwa na buibui kweli, mdudu mwenyewe akiwa amekamatwa na kutambuliwa, na mwaka 2002 wakatoa matokeo: hakuna hata mmoja aliyepata kidonda cha kuoza. Na California, daktari Jeffrey Suchard alichunguza wagonjwa 182 waliofika wakisema wameng'atwa na buibui. Walioumwa kweli walikuwa 7. Waliobaki, wengi wao, walikuwa na maambukizo ya ngozi, majipu na usaha, mambo ya bakteria. Kwa hiyo kumsingizia buibui si ujinga wa Kongo peke yake. Wamarekani wanao, tena wenye bima ya afya.

Huku kwetu yupo buibui mmoja wa kuogopwa kidogo, mjane wa kahawia, mwenye alama ya chungwa tumboni, anayependa pembe za vyoo, viatu vilivyosahauliwa na chini ya viti. Aking'ata, huuma papo hapo. Mtoto mdogo atalia bila kunyamazika, atatoka jasho, tumbo litakaza. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile. Lakini ona tofauti: hapo kuna maumivu kwanza na alama ndogo baadaye. Mchirizi wa malengelenge uliokuja kimyakimya usiku hauna uhusiano naye. Na kama ni chuki dhidi ya wadudu tunayoitafuta, mbu yupo. Kandokando ya Ziwa Viktoria, Kenya na Uganda, anaishi buibui mdogo mrukaji aitwaye Evarcha culicivora, ambaye katika vitoweo vyote humpenda zaidi mbu jike aliyeshiba damu. Nasi tunaamka na ufagio kumfukuza buibui, huku chandarua kimefunika vifaranga nje.

Kama mambo yangeishia kwenye mbawakawa, nisingepoteza wino. Tabu ni kwamba neno "buibui" likishatamkwa, hakuna anayemtazama mtoto tena. Shati linarudishwa. Na katika mji huu, kutomvua mtoto nguo na kumkagua kuna gharama.

Chukua vile vidonda vya kuzunguka mdomo na pua vyenye gamba la rangi ya asali, vinavyohama kutoka kwa mtoto hadi kwa mdogo wake kitandani. Ni bakteria. Huja juu ya upele, juu ya mahali palipokunwa kwa kiroboto au kunguni, na hushamiri pale maji ya kuoga ni bidoni moja kwa watu saba. Visipotibiwa, baadhi ya watoto hupata madhara ya figo wiki chache baadaye: uso unavimba asubuhi, mkojo unapungua na kuwa na rangi ya chai kavu. Kama ni lazima familia ikeshe ikijadili mkojo, basi iwe ni mkojo wa mtoto.

Halafu kuna mpox. Hapa sitapunguza maneno. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kwa binadamu mwaka 1970, hapa hapa nchini, huko Basankusu, na mgonjwa alikuwa mtoto wa miezi tisa. Aina mpya ya virusi ilipoibuka Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023, haikuchukua muda mrefu kufika Goma na kuingia katika kambi za waliokimbia vita zilizouzunguka mji, ambako watoto walilala wamebanana chini ya turubai juu ya mawe ya volkano. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa. Oktoba mwaka huo chanjo ilianza kutolewa nchini, na uzinduzi ulifanyika Goma. Januari 2025 vita viliingia mjini na wagonjwa wengi wakatoka katika vituo walikotengwa, wakarudi mitaani. Dharura ya kimataifa ilifutwa Septemba 2025, lakini virusi havisomi matangazo ya Geneva.

Katika hali hiyo, mtoto mwenye homa, tezi zilizovimba shingoni au kinenani, na vipele vinavyojaa maji kisha usaha, vyenye kitobo katikati, vikishuka mpaka viganjani na nyayoni, anaambiwa ni buibui. Analazwa kati ya ndugu zake wanne. Mbawakawa aliyepondwa kwa kiganja hupaka mstari mmoja, kwenye ngozi iliyokuwa wazi, na mtoto hana homa. Mpox haifanyi hivyo. Tofauti hiyo mama yeyote anaweza kuiona kwa macho yake, mradi kwanza asiwe amepewa jibu na jirani.

Sasa twende farmasi. Ni kijumba cha mbao, rafu mbili, pazia nyuma. Mama anasema buibui. Muuzaji haombi kumwona mtoto. Anakata kwa mkasi kipande chenye kapsuli nne za ampisilini, anafunga katika karatasi ya daftari. Nyumbani kapsuli inafunguliwa kwa vidole, nusu mbili zinaachana, na unga unanyunyizwa juu ya ngozi mbichi kama chumvi juu ya samaki wa sambaza. Wengine hutanguliza dawa ya meno. Wengine hupaka mate ya asubuhi kabla mtu hajala, na kusema kweli, kati ya hayo yote mate ndiyo yanayonitisha kidogo zaidi.

Unga ule ndio unaonikasirisha. Dawa za jamii ya penisilini zikipakwa juu ya ngozi iliyochubuka zinaweza kuufundisha mwili kuzikataa. Ndiyo maana madaktari waliacha zamani kutumia marhamu ya penisilini. Haimpati kila mtoto, wala wengi. Lakini yule mmoja atakayepatwa, miezi kadhaa baadaye atapata nimonia ya kweli, atapewa amoksisilini au atachomwa sindano ya penisilini, na ndani ya dakika chache midomo itavimba, sauti itakauka, kifua kitapiga filimbi, atatapika, atalegea. Tutakuwa tumemtengenezea hatari ya kweli kwa kumtibu mkojo ambao haukuwahi kuwepo.

Na hapa wahudumu wa afya wasijifiche nyuma ya ujinga wa akina mama. Mtoto mwenye mzio wa namna hiyo, uwe umeletwa na penisilini, karanga, maziwa au nyuki, katika vituo vingi hupokewa kwa deksametasoni na prometazini, halafu watu wanasimama kumzunguka wakisubiri. Dawa hizo ni za kusindikiza. Inayookoa ni adrenalini, ichomwe kwenye msuli wa paja, upande wa nje, mara moja: kwa ampuli ya miligramu 1 katika mililita 1, mtoto wa miezi sita hadi miaka sita huhitaji mililita 0.15, na wa miaka sita hadi kumi na miwili mililita 0.3; hali isipotulia, irudiwe baada ya dakika tano. Mtoto alazwe, miguu iinuliwe, na kama kupumua kunamshinda aachwe aketi. Asisimamishwe wala kutembezwa. Dawa hii si ya matajiri. Imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, na ampuli yake ni ya bei ndogo.

Vipele vya kuwasha peke yake, vinavyovimba na kupotea huku mtoto akicheza na kula, si dharura. Maji baridi na subira vinatosha, na dawa ya mzio akipewa na anayejua kipimo. Midomo, ulimi, pumzi, kutapika kwa ghafla na kulegea ndiyo mambo ya kukimbilia pikipiki.

Wanaouza dawa mitaani wataniambia mteja ndiye anayesema buibui, wao wafanyeje. Wamvue mtoto shati. Wamguse paji la uso, watazame viganja na nyayo. Na wewe mzazi, siku mtu yeyote atakapotaka kumchoma mwanao sindano ya penisilini nyuma ya lile pazia, muulize kwanza adrenalini yake iko wapi. Akikujibu hiyo inapatikana hospitali, mwambie bila kumkosea adabu: "Basi, docta, na sindano tutaipigia kule kule."