Nani Alitunyima Vichupo?

Bado wapo watu, tena mafundi wa kompyuta wanaosifika mitaani, wanaoshikilia kwamba vichupo (tabs) ni mali ya kivinjari cha intaneti na havina kazi kwenye programu ya kusimamia mafaili. Hao hawajawahi kukaa nyuma ya meza ya steshenari siku ya mwisho ya kutuma maombi ya mkopo wa chuo.

Wakakae. Mteja mmoja kaleta flashi, mwingine katuma cheti kwa WhatsApp, wa tatu anataka CV ya juzi irekebishwe na kuchapwa upya. Dada wa watu anahamisha mafaili kutoka folda moja kwenda nyingine, na kila folda imejifungulia dirisha lake. Chini ya skrini kuna alama moja tu ya njano. Ukiigusa, yanachomoza madirisha yanayofanana kama mapacha. Cheti cha Asha kinaangukia folda ya Juma, na hakuna anayejua mpaka maombi yamekwishatumwa. Kwa vichupo, kazi yote hiyo inakaa kwenye dirisha moja, kila folda na jina lake juu. Ctrl na T, basi.

Wapinzani wana hoja moja ya maana: kuburuta faili ni rahisi ukiona folda zote mbili kwa pamoja. Kweli kabisa! Programu ya mafaili ya Norton Commander ilikuwa na pande mbili tangu 1986 na hakuna aliyeishinda kwa hilo. Lakini nani kasema tuchague? Total Commander ina pande mbili na kila upande una vichupo vyake. Wanaotuambia tupange madirisha mawili ubavu kwa ubavu wajaribu kufanya hivyo kwenye kilaptopu cha inchi 14, waone kama majina ya mafaili yatasomeka.

Hoja ya pili, eti urahisi, inanichefua. Mwaka 2004 watengenezaji wa GNOME, eneo-kazi la Linux, waliamua, kwa jina la urahisi, kwamba kila folda ifunguke kwenye dirisha lake. Watu wakapiga kelele. Vichupo vikaja 2008, na kufikia 2010 utaratibu ule wa madirisha haukuwa tena chaguo la kwanza. Mwaka 2012 urahisi uleule ukaondoa upande wa pili uliokuwa ukifunguliwa kwa F3. Wenzao wa Linux Mint wakachoka, wakachukua msimbo huo wakatengeneza programu yao ya mafaili, Nemo, yenye vichupo na F3 yake. Urahisi unaomnyima mtu kifaa cha kazi ni uvivu uliovaa suti.

Lakini mkosaji mkuu ni Microsoft. Kampuni hii iliweka vichupo kwenye Internet Explorer 7 mwaka 2006, kwa hiyo haiwezi kudai kwamba haikuvijua. Apple ikaviweka kwenye Finder mwaka 2013. Microsoft ikaanza kuvijaribu ndani ya Windows 10, katika mpango ulioitwa Sets, kisha ikauzika. File Explorer, programu ya mafaili ya Windows, ilivipata Oktoba 2022: miaka 16 baada ya kivinjari cha kampuni hiyohiyo! Mabilioni ya dola, maelfu ya wahandisi, na kitu ambacho watu wa Konqueror, programu ya mafaili na intaneti ya Linux, walikuwa nacho tangu 2003 wakikitoa bure.

Tena wamepewa wenye Windows 11 peke yao. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na kompyuta nyingi za mtumba zinazoendesha steshenari zetu hazina sifa hizo. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025 bila watumiaji wake wa kawaida kuonjeshwa kichupo hata kimoja kwenye File Explorer. Hiyo ni dharau kwa mtu anayekula kwa kuhamisha mafaili ya wenzake.

Basi mwenye steshenari asisubiri hisani. Kompyuta ikiwa na RAM ya GB 4, Linux Mint itakaa na Nemo yake itafanya kazi. Ajaribu kwanza kwa flashi, bila kufuta chochote, aone kama printa inaitikia. Printa ikigoma, abaki na Windows yake, aweke Total Commander, na File Explorer aiache ilale.