KAMERA YA KWANZA KWA FEDHA KIDOGO

Juma lililopita jirani yangu mmoja, sajini wa polisi hapa Nsambya, alinijia jioni akiwa na bahasha mfukoni. Ndani yake mlikuwa na shilingi laki nane, akiba ya miezi mingi. "Mwalimu," akaniambia, "nataka kamera ya kweli, si simu. Lakini mama watoto amesema fedha hizi zikipotea, karo ya muhula ujao nitaitafuta peke yangu." Niliona hapana budi nimjibu kwa uangalifu, kwani mimi mwenyewe niliwahi kupotea katika njia hiyo hiyo.

Kamera yangu ya kwanza niliinunua mjini kwa kuvutiwa na wingi wa megapikseli na jinsi ilivyong'aa. Lensi sikuichungulia. Kumbe ndani ya vioo vyake mlikuwa mmeota kuvu, utando mwembamba kama wa buibui, na picha zote za ubatizo wa binti yangu zikatoka na weupe kana kwamba zilipigwa ndani ya moshi. Mama yangu mzazi, aliyembeba mtoto siku ile, alifariki mwaka uliofuata. Picha hiyo yenye utando ndiyo ya mwisho tuliyo nayo.

"Afande," nikamwambia, "nunua jicho kwanza." Kamera zilizokwisha kutumika, mathalan Canon EOS 1300D iliyotoka mwaka 2016 yenye megapikseli 18, au Nikon D3300 ya mwaka 2014 yenye 24, zinatosha kabisa kwa picha ya kutundika ukutani. Kinachotupungukia majumbani mwetu ni mwanga. Lensi ya kawaida iuzwayo pamoja na kamera hizo, ile ya milimita 18 hadi 55, ikivutwa mpaka mwisho hufungua tundu lake hadi f/5.6 tu. Lensi isiyovutwa, yenye tundu la f/1.8, huingiza mwanga takriban mara kumi zaidi. Katika chumba chenye dirisha moja, huo ndio mwanga utakaokupa uso wa mtoto ulio wazi badala ya kivuli kilichotikisika.

Wengi watakushauri ununue ya milimita 50, kwa kuwa ni ya bei nafuu. Sikatai, ila katika kamera za namna hii hubana mno: utaegemea ukuta mpaka shati lichafuke na bado shangazi mmoja atabaki nje ya picha. Kwa nyumba za kambini napendelea ya milimita 35 ya Nikon, iliyotoka mwaka 2009, yenye f/1.8. Kwa Canon iko ya milimita 24, japo tundu lake ni f/2.8. Tena jihadhari: Nikon za daraja hili hazina mota ya kulenga ndani yake, kwa hiyo lensi za zamani zisizo na mota yao wenyewe itakubidi uzilenge kwa mkono. Muuzaji aghalabu hakwambii hilo.

Siku ya kununua nenda mchana, tena na tochi. Iondoe lensi, imulike upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi au mawingu, irudishe mezani. Kisha lifinye tundu mpaka dogo kabisa, upige picha ya anga, uikuze uone kama kuna madoa yasiyoondoka. Uliza pia pazia la kamera limefunguka mara ngapi, kwa kuwa kamera za daraja la kwanza aghalabu hutarajiwa kustahimili mara 100,000 hivi. Muuzaji akikukataza kupima, mwachie mali yake.

Ukifika nyumbani, usiifungie ndani ya mkoba wa ngozi juu ya kabati. Mvua zetu za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huleta unyevu, na unyevu ndio unaolisha kuvu. Kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vijifuko vya kufyonza maji vitokavyo katika maboksi ya viatu, gharama yake ni ndogo. Na kwa sisi tuishio kambini au karibu nayo, mwombe mkuu wa kambi ruhusa kabla ya kuinua kamera. Mlinzi wa lango hatajua kwamba unapiga picha ya kuku wako.

Sajini akaniuliza, je, picha zitadumu? Nikamkumbusha kwamba mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la UBC, zilikutwa filamu zipatazo 70,000 za wapiga picha wa serikali wa zamani, na mwaka 2019 baadhi ya picha hizo zikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda. Bahasha zake zilikuwa zimeandikwa tarehe na tukio, na ndiyo maana watu waliweza kujua wanatazama nini.

Jumamosi tulikwenda mjini pamoja. Lensi mbili tulizirudisha mezani, ya tatu ikawa safi, na chenji ikabaki. Picha yake ya kwanza ni ya mama yake akichambua maharage mlangoni. Ameichapisha, na nyuma ameandika kwa kalamu jina la mama na tarehe.