MAONI YETU: Kifo cha Ndama Kisifichwe

Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwanza nchini Kenya, karibu na Ziwa Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwa wafugaji wengi wa Rwanda, hata hivyo, huu ni ugonjwa mgeni. Ulizuka katika Mkoa wa Mashariki mwaka 2018, ukarejea mwaka 2022 na kuua mifugo na watu. Serikali ilizuia kuhamisha mifugo katika maeneo yaliyoathirika, ikachanja.

Hatua hizo zilikuwa sahihi. Lakini wananchi wa Gisenyi wasijidanganye kwamba Mashariki ni mbali. Wilaya yetu ya Rubavu inapakana na Goma, na Gishwati ni malisho makubwa ya ng'ombe wa maziwa. Maradhi hayaombi pasi mpakani.

Ugonjwa huu huenezwa na mbu, hasa baada ya mvua kubwa. Ng'ombe wenye mimba huziharibu, na ndama wachanga hufa kwa wingi na kwa haraka. Binadamu huambukizwa anapogusa damu au mimba iliyoharibika, au anapochinja mnyama mgonjwa. Kwa hiyo anayechinja ndama mahututi ili asipate hasara huitia hatarini nyumba yake na jirani zake.

Hata hivyo, amri peke yake haitoshi. Chini ya mpango wa Girinka, ulioanzishwa mwaka 2006, ndama jike wa kwanza hukabidhiwa jirani maskini. Kifo chake ni pigo kwa kaya mbili. Mfugaji akiona kwamba kutoa taarifa kunamletea karantini tu, atanyamaza, na ugonjwa utaenea kimyakimya.

Basi ni wajibu wa maafisa wa mifugo kumfikia upesi anayetoa taarifa, kumweleza sababu ya kila katazo, na kutumia sindano safi kwa kila mnyama wakati wa kuchanja, kwani sindano moja kwa zizi zima huweza kueneza kirusi. Bima ya mifugo, ambayo tangu mwaka 2019 Serikali huchangia asilimia 40 ya ada yake, haina budi kumfikia hata mwenye ng'ombe mmoja.

Mficha maradhi kilio humwumbua. Mfugaji asifiche, na kiongozi asichelewe.