Anaogopa Damu, Basi Asisomee Uuguzi?



Wazazi wenzangu, kuna binti mtaani kwetu hapa Buyenzi, Bujumbura, amemaliza shule kwa alama nzuri na anataka kusomea uuguzi. Mama yake kakataa: "Huyu akiona damu anaanguka, ataweza wapi?" Lakini Idd-ul-Adh'ha iliyopita ni yeye aliyeosha utumbo wa mbuzi mpaka ukawa mweupe. Na bibi yake alipougua kitandani, nani alikuwa akimgeuza na kumsafisha?

Tunachanganya mambo mawili. Kinyaa hupungua kwa mazoea. Mama gani alizaliwa akipenda kufua nepi? Hata waosha maiti wetu, wengi siku ya kwanza mikono iliwatetemeka.

Kuzimia ni jambo jingine. Baadhi ya watu wakiona damu au sindano, presha hupanda kidogo kisha hushuka ghafla, na damu haifiki vizuri kichwani. Si jini (jamani!) wala si udhaifu wa imani. Dawa yake ni mazoezi, ambayo mtaalamu wa Sweden, Lars-Göran Öst, na wenzake waliyafanyia utafiti miaka ya 1980. Mtu hukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, halafu hulegeza kwa kama nusu dakika, na kurudia mara 5. Akishazoea hivyo, anaanza kutazama kidogo kidogo: picha, kisha sindano, kisha damu yenyewe. Kizunguzungu kikimzidi, akae au alale chini mapema.

Wapo wanaosema atashinda na najisi kutwa nzima. Damu ikiingia nguoni huoshwa, au hubadilishwa nguo, akaswali. Bibi Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) alitibu majeruhi katika hema ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Sa'd bin Mu'adh (r.a.), aliyepigwa mshale katika vita vya Khandaq mwaka wa 5 Hijria, aliwekwa humo.

Halafu ni sisi sisi, wake zetu wakienda kujifungua, tunaolalamika kwamba wamehudumiwa na wanaume. Hao wauguzi wa kike watatoka nyumba ya nani?

Nimemshauri mama yule ampeleke kwanza binti kwenye zahanati ya jirani, aombe ruhusa akatazame watoto wanavyochanjwa, akiwa amekaa kwenye kiti. Akizimia, apepewe, anywe maji, na wiki ijayo arudi tena. Mama amesema atafikiri. Binti, nasikia, ameshaanza kukaza misuli akiwa jikoni.

Wabillahi tawfiiq.