Kabla Hujachangia Silanga la Merti, Uliza Ng'ombe Watakula Wapi

Wasee, huu mchezo mnaujua. Kiangazi kikiuma, picha za ng'ombe waliokufa zinazunguka kwenye simu zetu. Mtu anafungua kikundi cha WhatsApp, namba ya M-Pesa inawekwa, na baada ya wiki moja kuna pesa ya kukodi katapila. Lengo: silanga jipya huko Merti. Nia ni safi kabisa, na sicheki mtu anayechanga. Lakini kuna kitu lazima tuambiane: silanga likichimbwa mahali pabaya linaweza kumaliza mifugo ambao hata kiangazi kingewaacha. Hawafi kwa kiu. Wanakufa njaa huku maji yapo.

Kwa wale ambao Isiolo yao inaishia stendi ya matatu, Merti iko mbali bado, ukifuata mto Ewaso Ng'iro kuelekea mashariki. Ni wadi za Chari na Cherab, nchi ya Waborana wa Waso, na maisha huko ni mifugo. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 400. Mto wenyewe siku hizi unakauka miezi ya kiangazi, kwa sababu huko juu, kuanzia miteremko ya Mlima Kenya hadi Laikipia, maji yanavutwa mashambani kabla hayajafika chini. Chini ya ardhi kuna hazina kubwa ya maji inayoitwa kwa jina la Merti na kufika hadi Dadaab, ila ukitoka katikati yake maji ni ya chumvi, na kisima kirefu kinataka pampu na mafuta au sola. Ndiyo maana silanga linapendwa. Ni shimo tu, mvua inalijaza bure.

Sasa sikiza vizuri hapa. Mahali kama Merti, maji ndiyo ufunguo wa nyasi. Ng'ombe hawezi kulisha mbali na maji siku nyingi. Kwa hivyo ukiamua maji yatakaa wapi, umeamua nyasi zipi zitaliwa na lini.

Waborana wamejua hivyo tangu zamani, na wana utaratibu unaoitwa dedha. Wazee wa dedha wanagawa malisho: haya ya wakati wa mvua, haya ya kiangazi, na haya ya akiba ambayo hayaguswi hadi hali iwe mbaya kabisa. Mvua ikinyesha, mifugo wanahamishwa mbali na mto, kwenye madimbwi yaliyojaa. Madimbwi yakikauka, ndio wanarudi polepole kwenye mto na visima, na wanakuta nyasi zimepumzika. Kwenye visima kuna aba herega, msimamizi wa zamu, anayesema leo nani ananywesha na nani anangoja. Si mchezo, hiyo ni serikali kamili bila ofisi.

Umeona lakini? Dimbwi kukauka ni sehemu ya mpango. Likikauka, ndio geti limefungwa. Hakuna askari, hakuna waya, lakini hakuna mtu anaweza kukaa hapo, kwa hivyo nyasi zinapona.

Halafu tunakuja sisi wa mjini na katapila. Tunachimba silanga kubwa katikati ya malisho ya akiba, kwa sababu hapo ndipo mtu alisema "hakuna maji." Ni kweli, hapakuwa na maji, na ndiyo maana nyasi zilikuwepo! Msimu wa kwanza kila mtu anafurahia, picha zinapendeza. Msimu wa pili familia kadhaa zimejenga karibu. Wa tatu kuna duka, mifugo wanashinda hapo mwaka mzima, na ardhi imekuwa vumbi. Mathenge nayo inaingia, maana mbuzi wanakula maganda yake, wanakuja kunywa, wanaacha mbegu kwenye samadi. Siku kiangazi kikali kikija, akiba imeshaliwa zamani.

Na kiangazi kikali si hadithi. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na nchini Kenya zaidi ya mifugo milioni 2 walikufa. Mwisho wa 2023 El Niño ikaleta mafuriko kaskazini. Maji yale yote yalipita. Kwa hivyo naelewa mtu anayeuliza mbona hatuchimbi kila mahali tukayashika.

Basi tupige hesabu ya mkono. Chukua silanga la mita 20 kwa 25, kina mita 2. Hiyo ni lita milioni 1. Kulijaza kwa bauza ya lita 10,000 unahitaji safari 100, kwa hivyo hilo wazo sahau. Kwa mvua je? Tuseme imeshuka mvua kubwa ya milimita 50, na sehemu moja ya tano tu ndiyo inatiririka juu ya ardhi. Utahitaji hekta 10 za mteremko zinazomwaga maji kwenye shimo lako. Ukichimba penye tambarare bila mkondo, umechimba kaburi la pesa.

Likijaa, jua nalo linakunywa. Kwenye joto la Merti, jua linaweza kuvuta zaidi ya mita 2 za maji kwa mwaka. Yaani kina chote cha silanga lako. Udongo ukiwa wa mchanga, chini nako kunavuja. Tuseme umebaki na nusu, lita 500,000. Ng'ombe 200, kila mmoja lita 30 kwa siku, ni lita 6,000. Ni siku 83 tu, na hapo sijahesabu ngamia, mbuzi wala mama aliyekuja na mtungi. Ukichimba mita 4 kwenda chini kwa ujazo uleule, uso unaopigwa na jua unapungua nusu. Kina kinashinda upana, hata kama upana ndio unaopendeza kwenye video.

Kuna watakaosema wazee wanachelewesha mambo, na watoto wana kiu leo. Hoja ya kweli. Tena vikao vya wazee ni vya wanaume, na wanaobeba maji ni akina mama na wasichana. Mimi nasema wanawake wakae kwenye kikao, na maji ya nyumbani yatengwe na ya mifugo: tangi la kuvuna maji ya paa shuleni na zahanati, au kutengeneza kisima kilichopo. Hayo yanasaidia mtoto bila kuhamisha ng'ombe hata mmoja. Lakini kuwapita wazee kabisa ni kama kuingia kwa nyumba ya mtu na kubadilisha kufuli, halafu ungoje shukrani.

Sheria nayo iko upande huo. Ardhi kubwa ya Merti ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaitambua hivyo. Hakuna "shamba la mjomba" la kujichimbia tu. Kibali cha maji nacho kinatafutwa kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Kwa hivyo kabla hujatuma hata mia mbili, uliza haya. Wazee wa dedha wamekubali, na hapo ni malisho ya msimu gani? Mkondo unatoka wapi, na kuna shimo dogo la kunasa matope kabla maji hayajaingia? Maji ya ziada yatatokea wapi mvua ikizidi? Kuna uzio, na birika la kunyweshea pembeni, ili ng'ombe wasiingie ndani na mtoto asizame? Nani atatoa matope mwaka wa tatu, na kwa pesa gani? Na la mwisho, ambalo hakuna mtu huuliza: nani ana mamlaka ya kulifunga?

Anayekusanya pesa akijibu yote, tuma, na uwaambie wengine watume. Akikwama, mwambie arudi Merti akakae na wazee na akina mama kwanza. Wakati mwingine watamwambia hawataki silanga jipya, wanataka lile la zamani lililojaa matope lifukuliwe. Halina uzinduzi na halina utepe wa kukata. Lakini nyasi zake bado ziko mahali pake, na hizo M-Pesa haiwezi kununua.