Fundi, Kitabu Chako ni cha Mwaka Gani?

Leo nina neno na wenye nyumba wanaotaka kuingiza umeme, na pia na vijana wanaojifunza kazi hiyo.

Majuzi nilikuwa Namawala kwa rafiki yangu mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Nilimkuta mpwa wake, fundi kijana, yu juu ya ngazi, bisibisi mkono mmoja, simu mkono wa pili. Katika simu mlikuwa na picha ya ukurasa wa kitabu aliyotumiwa na mwenzake. Waya mmoja ulikuwa umelegea, naye alitaka kuukaza. Akasema, “Mjomba, kitabu chasema wa buluu ni nyutro. Hauna moto, naweza kuushika.” Swichi kubwa ilikuwa haijazimwa, maana watu walikuwa kwenye foleni na magunia yao. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Mzee mmoja aliyeleta mpunga wake, naye alikuwa fundi zamani, akamwambia, “Mwanangu, weka testa kwanza.” Kijana akaweka. Testa ikawaka.

Basi, kijana hakusema uongo, wala kitabu hakikusema uongo. Mafundi wengi wa nchi yetu wamefundishwa kwa kanuni za Waingereza, ambazo toleo la kwanza lilitoka mwaka 1882 na la kumi na nane mwaka 2018. Tangu 1992 kitabu hicho chaitwa BS 7671. Kila toleo lina mageuzi yake. Zamani umeme wa fezi tatu, kama huo wa mashine za mpunga, nyaya zake za moto zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Mwaka 2004 Waingereza waliruhusu rangi mpya, na tangu Aprili 2006 wakazilazimisha kwa kazi zote mpya: moto ni kahawia, nyeusi na kijivu; nyutro ni buluu. Tazama mambo hayo! Buluu iliyokuwa moto imekuwa nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro imekuwa moto. Mashine ya rafiki yangu ilifungwa kwa rangi za zamani, na picha ya kijana ilitoka katika kitabu kipya. Ukurasa wenyewe haukuonyesha mwaka, kwa kuwa mwaka huandikwa mbele ya kitabu, wala hakuna aliyepiga picha huko mbele.

Najua vijana watasema kitabu hicho ni kinene na ni cha Kiingereza. Ni kweli. Lakini nambari zake zina njia. Tarakimu ya kwanza ni Sehemu, ya pili yaonyesha Sura, ya tatu yaonyesha fungu. Habari za rangi na alama za nyaya ziko 514, yaani Sehemu ya 5, Sura ya 51, fungu la 514. Kinga ya mtu asipigwe na umeme imo katika Sura ya 41. Kukagua na kupima kazi ni Sehemu ya 6. Bafu ni 701. Majedwali ya unene wa nyaya yako huko nyuma, katika Nyongeza ya 4. Andika hayo matano kwenye karatasi, uibandike ndani ya kifuniko cha sanduku lako la vyombo, na hutafunua kurasa ovyo ukiwa juu ya ngazi. Wachapaji haohao wametoa pia kijitabu kidogo cha kuchukua kazini. Nacho kitazame mwaka wake.

Sasa niseme juu ya hayo majedwali, maana hapo ndipo nyumba huungua. Jedwali hukuambia waya wa unene fulani huchukua ampea ngapi. Lakini limepimwa kwa joto la digrii 30. Nani asiyejua joto la bonde letu la Kilombero, chini ya bati, saa nane mchana? Huko juu ya dari joto likifika digrii 50, kitabu hichohicho chaagiza kwamba kwa waya wenye ngozi ya plastiki ya kawaida uzidishe kwa 0.71. Waya uliopewa ampea 20 wabaki na 14 na kidogo tu. Mwenye picha ya jedwali lililokatwa kichwa hajui hayo. Atafunga fyuzi ya 20, waya utapata moto kupita kiasi, ngozi yake itakauka na kupasuka, na fyuzi itakaa kimya kana kwamba hakuna neno.

Nawe mama mwenye nyumba, usione haya kuuliza. Muulize fundi kama ana leseni ya EWURA, kisha umwambie, “Kitabu chako ni cha mwaka gani, baba?” Fundi wa kweli hatakasirika, nimeona wengine wakifurahi, kwa sababu ni nadra kuulizwa. Akikujibu kwamba yote yamo kichwani, mwambie kwa heshima kwamba hata mganga mzoefu husoma kwanza maandiko ya chupa.

Kule Namawala swichi kubwa ilizimwa. Mzee alimshikia kijana ngazi, wakapima nyaya zote moja moja, wakazifunga vitepe vyenye herufi: L1, L2, L3, na N kwa ile nyeusi. Ndani ya mlango wa sanduku la swichi wakabandika karatasi isemayo kuwa humu mna rangi za zamani. Mpunga wa watu ulianza kukobolewa saa kumi jioni, na foleni ilinung'unika sana.